Peni Mbili Mtoni, Peni Mbili Kanisani

Jumatatu, 23 Septemba 1331

Dada Gunnora na mumewe, Hamo, wamekata urithi wa marehemu baba. Wao wakate, mimi nichague kwanza – ndiyo mila, mdogo huchagua. Baba katuachia ardhi ya peni nne. Hapa kwetu shamba haliitwi kwa hatua, linaitwa kwa kodi anayolipwa mwinyi kila mwaka. Basi: peni mbili mtoni, peni mbili nyuma ya kanisa. Ya mtoni ukiizunguka unachoka njiani. Matete, vyura, maji! Ya kanisani ng'ombe akilala, mkia uko kwa jirani. Lakini udongo wake – mweusi tii, unanukia.

Hamo anaisifia ya mtoni mpaka mate yanamruka. Shemeji, nakujua.

Jumatano, 25 Septemba

Kaja Warin, yule wa kondoo, mchumba wangu mambo yakienda sawa. Kwao wanapima ardhi kwa kamba. Nikamweleza kwamba peni mbili ni peni mbili. Akacheka: "Kwani kondoo wanakula peni, bibie?"

Nikichukua mtoni, ndoa yetu itatangazwa Jumapili itakayofuata. Nikichukua kile kitambaa cha nyuma ya kanisa, atafikiria. Atafikiria! Imeniuma, sikatai. Ana meno mazuri sana huyu mtu.

Ijumaa, 27 Septemba

Kwa mwokaji na Warin. Mikate miwili, kila mmoja robo peni: mweupe mdogo kama ngumi, wa pumba mkubwa kama kichwa cha mtoto. Bei haipandi, anasema mwokaji, mkate ndio unaonywea. Warin akabeba wa pumba bila hata kuunusa. Njia nzima anatafuna na kulalamikia makapi.

Nikamhadithia mama. "Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, mwanangu." Akaendelea kumenya vitunguu.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimekwenda mtoni peke yangu. Kiatu kimoja kimebaki huko.

Kurudi, namkuta nani nyuma ya kanisa? Hamo, na mkokoteni wa samadi! Mimi sijachagua, yeye anarutubisha. Eti anasaidia tu. Asante, shemeji, mwaga yote.

Lakini naogopa. Nina miaka ishirini na saba, na Warin ndiye wa kwanza kuja kwetu na nia ya kweli. Kukaa na vitunguu vyangu nyuma ya kanisa bila mume – shibe nitaipata, na maneno ya watu pia. Laiti watawa wangenifundisha na hili, si kuandika tu.

Jumatatu, 30 Septemba

Baraza la mwinyi, siku yangu ya kuchagua. Naandika gotini, nje ya ghala, wameshaanza kuita majina. Gunnora hanitazami. Hamo ananuka samadi na anacheka ovyo.

Warin kaja na mbwa wake, keshampeleka mtoni kumzoesha njia. Kaniangalia mkononi. "Sasa jembe la nini, bibie, kule kwenye maji?"

Karani kaita jina langu –