Filimbi Kwenye Sinia ya Kahawa

Ghubra, Maskati
13 Oktoba 2024

Dada yangu Bashayer,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo wewe, shemegi na watoto, na lile jino limeacha kukusumbua. Huku sote wazima. Mama magoti yake yale yale, lakini ulimi wake mzima kabisa, na anakusalimu.

Najua jana uliangalia mechi kwenye simu, kwa hiyo sina haja ya kukuhadithia. Tumefungwa tatu bila, tena nyumbani. Tangu chuo chetu kianze kucheza ligi hii sikumbuki kuanza msimu vibaya namna hii. Baada ya mechi mashabiki tulikwenda kukaa Ghala, kwenye gereji ya Ayub, tukabishana mpaka chai ikapoa. Wengi wanataka Kocha Hisham aondoke. Huu ni mwaka wake wa pili, wanasema, na tunazidi kurudi nyuma. Mimi nikasema kidogo tu, kwamba aliwaondoa wale nyota wawili kwa sababu walikuwa hawaji mazoezini, na hawa watoto wa mwaka wa kwanza wanataka muda. Nikakatizwa. Nikaacha.

Na sasa nna jambo la kukwambia, ulifiche mpaka nikuruhusu. Kocha ana binti, jina lake Lujain. Anafanya kazi duka la dawa Hamriya, na ndiko nilikomjua, kwa kwenda kuchukua dawa za mama. Nataka kumposa. Yeye anajua. Babake bado hajui.

Nipe rai yako, kwa yote mawili.

Nduguyo,
Humam


Mbweni, Unguja
19 Oktoba 2024

Mdogo wangu Humam,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima, jino nimeling'oa na nimeliona halikuwa na maana yoyote ya kunitesa. Mpe mama salamu na umwambie atembee, asikae tu.

Kwa hiyo sasa najua subira yako imetoka wapi. Mimi nikadhani ndugu yangu amekuwa mtu wa hekima, kumbe amekuwa mtu wa Hamriya. Magoti ya mama hayajapata kuhudumiwa vizuri hivi maishani mwake.

Nimefurahi, nakwambia kweli. Lakini mapenzi yako usiyaingize uwanjani. Marehemu baba alipokuwa akitupeleka mechi, mimi na wewe tumekaa huku na huku yake, alikuwa akisema waziwazi kocha gani anafaa na gani hafai, na wengine walikuwa marafiki zake. Mimi nimeandika kwenye kundi la mashabiki, kwa jina langu, kwamba Hisham ni mkaidi na aondoke kabla ya mwaka mpya. Sifuti.

Sikiliza sababu yangu. Subira ni nzuri kwa mwenye muda. Klabu inaweza kungoja miaka mitano, haina haraka. Mwanafunzi ana misimu mitatu, minne, basi. Huyu nahodha wenu, Ayman, anamaliza mwezi wa sita. Akiambiwa timu itaiva mwakani, mwakani yeye atakuwa ofisini na kilemba chake kichwani. Hisham anasubiri kwa muda wa watu wengine. Nijibu hilo, kisha nitakusikiliza.

Lujain ana kicheko gani? Baba alikuwa akisema mtu humjui mpaka acheke.

Dadako,
Bashayer


Ghubra
5 Desemba 2024

Dada Bashayer,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Nisamehe kwa kukaa kimya wiki zote hizi. Afya zetu nzuri, mama anatembea mpaka msikitini na kurudi, na kila siku anakulaumu wewe kwa hilo.

Neno lako la muda wa wengine lilinikaa. Nikamwendea Ayman mwenyewe, nikamuuliza. Akaniambia, "Mie napenda kushinda kama mtu yeyote. Lakini zamani tulikuwa tunafungwa na hatujui kwa nini. Sasa kila bao nnajua limetoka wapi." Kisha akasema pia kwamba kipa wetu hawezi kucheza kwa miguu, kila mtu anajua, na kocha bado anamlazimisha aanze mpira kwa pasi fupi, na mabao mawili ya juzi yametoka hapo. Kwa hiyo amekupa haki wewe na amenipa haki mimi.

Tumefungwa tena, umeona. Juzi tulikutana Ghala. Wakubwa wa kundi wanasema wamepata habari kuwa chuo kitamwondoa mwisho wa muhula, kwa tangazo ubaoni. Ni fedheha kwa mtu wa umri wake. Wakaona bora watu anaowaheshimu wamwendee nyumbani, wamwombe ajiuzulu mwenyewe. Wakaniangalia mimi, maana nyumba yake iko mtaa wa pili kutoka kwetu na baba yake alijuana na baba yetu. Wakauliza, "Humam, utakwenda?" Nikanyamaza. Nilitaka kusema hapana, dada, nikatafuta maneno ambayo hayatamkasirisha mtu, na kabla sijayapata wakaanza kunishukuru.

Sasa sikia lililobaki. Ami Bakhit amekubali kwenda kuposa kwa niaba ya baba. Ijumaa ijayo baada ya Alasiri. Unamjua ami, ni mtu wa mila za kwetu Oman. Ataletewa kahawa, ataiweka chini bila kuigusa, na hatainywa mpaka mwenye nyumba aseme haja yetu imekubalika. Nimemwambia mambo siku hizi yamekuwa mepesi zaidi. Akaniambia nikanunue kanzu mpya.

Nduguyo,
Humam


Unguja
9 Desemba 2024

Humam,

Salamu baadaye, sote wazima.

Kwenye kundi wameandika kuwa ujumbe unakwenda kwa kocha Ijumaa, na anayeupeleka ni wewe. Mtu kama Hisham hawezi kukosa kuisikia habari hiyo. Na Ijumaa hiyo hiyo wewe unakwenda na ami, na kahawa inawekwa chini. Huoni?

Waambie wenzako leo kwamba hukukubali. Au ahirisha posa. Fanya moja, lakini usinyamaze tena. Nakupigia simu, hushiki.

Dadako


Ghubra
15 Desemba 2024

Dada Bashayer,

Assalaam alaykum. Mama mzima, ami mzima, mimi sijui.

Barua yako niliisoma Jumamosi, baada ya mambo kwisha. Ungekuwepo ungeshika kichwa.

Tulikwenda wawili, mimi na ami. Kocha Hisham alitupokea mlangoni, amevaa vizuri kuliko sisi, akatuketisha. Zikaja tende, halua na mdila wa kahawa. Hana mtoto wa kiume, kwa hiyo alimimina mwenyewe. Ami akapokea finjani, akaiweka chini mbele yake. Nami nikaweka yangu. Ami akakohoa, anatafuta mwanzo wa maneno yake mazuri aliyoyaandaa wiki nzima.

Kocha hakumngoja. Akasema, "Kunywa kahawa yako, Sheikh Bakhit. Mmeingia nyumbani kwangu na haja yenu imekubalika. Sikutaka msumbuke kuitamka." Akatia mkono mfukoni, akatoa filimbi yake, ile ya chuma yenye kamba ya kijani, akaiweka kwenye sinia pembeni ya tende.

Mimi nikafahamu papo hapo kwamba anajiuzulu. Ami hakufahamu. Unajua kuwa hajatazama mechi hata moja tangu azaliwe. Aliinyanyua finjani akainywa yote, akasema, "Alhamdulillahi. Lujain atakuwa binti yetu, na nyumba zetu zimekuwa moja." Kisha akaichukua filimbi, akaitia mfukoni, akashukuru kwa zawadi.

Kocha akasema, "Lujain?" Nyuma ya pazia nikasikia kikombe kimeanguka. Halafu yule mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba, na mimi sijui mpaka leo kama yote yalikuwa machozi ya kicheko.

Alipotulia akanigeukia. "Na la timu?"

Nikamwambia, "Sikuja nalo, Kocha."

"Lakini walikutuma."

"Walinituma. Nilinyamaza."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi hukunitetea na wala hukunishitaki," akasema. Hakusema kwa hasira. Angekasirika ingeniuma kidogo zaidi ya sindano, lakini alivyosema vile nilitamani sakafu inimeze.

Kwa upande wake posa ameikubali, neno lake halirudi nyuma. Lakini akasema binti ana kauli yake, naye ataulizwa. Jana Lujain aliniandikia. Sikufichi kitu, nakunakilia: "Filimbi ya baba iko kwenu. Irudishe kwake au wapelekee wenzako wa Ghala, utakavyoona ni haki. Sikulazimishi umpende kocha. Lakini fanya mbele za watu, na kwa jina lako. Nikiona hivyo nitakujibu. Siwezi kuishi na mtu ambaye sijui anafikiri nini mpaka wengine wamalize kusema."

Ami ameitundika filimbi msumarini, karibu na picha ya baba. Mimi nakaa chini yake kama mshitakiwa. Nambie nifanye nini.

Nduguyo,
Humam


Unguja
18 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Nimecheka mpaka watoto wakaja kuniangalia, kisha nikakaa jikoni peke yangu na sikucheka tena.

Nilikuwa nimeandika kwamba yule mtu ni mkaidi. Mkaidi hatoi filimbi yake kabla hajaombwa. Nimeyasoma tena maneno yangu kule kwenye kundi. Kuhusu kipa na pasi fupi bado nasema nnayosema. Lakini nilikuwa na sentensi moja juu yake, juu ya uzee wake, ambayo haihusu mpira hata kidogo, na watu waliipenda kuliko zote.

Sikwambii ufanye nini. Ukinifuata mimi utakuwa umenyamaza kwa mara ya tatu. Lujain amesema kweli, na mimi sijamwona lakini nimeshampenda. Wewe unafikiri nini, Humam? Si baba, si mimi, si watu wa gereji. Wewe.

Dadako,
Bashayer


Ghubra
12 Januari 2025

Dada Bashayer,

Salamu za mwaka mpya. Mama mzima na anaulizia safari yako kila siku, ami mzima, na mimi leo nnalala vizuri.

Niliandika kwenye kundi, kwa jina langu kamili. Nilisema sikukubali kwenda kumtoa kocha, na kosa langu ni kutosema siku ile ile. Nikasema amekosea juu ya kipa na anapaswa kuambiwa. Nikasema dada yangu ana haki kwamba wanafunzi hawana muda, lakini kumbadilisha kocha katikati ya mwaka kunawapotezea hata huo uliobaki, na mimi nataka amalize msimu. Na nikasema nimeposa kwake, ili mtu asije akaligundua akadhani nilificha. Ulisoma majibu. Wananiita Mkwe. Ayub alitoka kwenye kundi, kisha akarudi.

Jana kabla ya mechi nikashuka mpaka kwenye benchi, majukwaa yote yanaona, nikamkabidhi filimbi yake. Wako waliozomea, na wako waliopiga makofi, si wengi. Kocha aliipokea, akaitazama, akaipangusa kwenye kanzu yake. "Umechelewa," akasema. "Wiki nne nawafundisha kwa kupiga makofi, mikono inaniuma." Akaongeza, "Na yale ya kipa niliyasoma."

Tulifungwa mbili kwa moja. Lakini kipa alipiga mpira mrefu mara zote, na bao letu lilitoka huko. Chuo kimesema atabaki mpaka Aprili, baada ya hapo watatazama. Pengine watamwondoa. Hata Lujain anasema pengine.

Naye amejibu. Hakunyamaza ili wazee waseme kimya chake ni kukubali. Alitoka, akasimama mbele ya babake na ami, akasema, "Ndiyo, nimemkubali." Kisha akacheka, na sasa naweza kukujibu swali lako la Oktoba. Anacheka kwa sauti kubwa, kama wewe.

Harusi ni kabla ya Ramadhani. Njoo mapema.

Nduguyo,
Humam


Unguja
20 Januari 2025

Mdogo wangu Humam,

Alhamdulillahi kwa yote. Tiketi nimepata, nitafika wiki mbili kabla, na halua ya Unguja namletea ami, asije akatia tena mfukoni vitu vya watu.

Jana nilipigiwa simu na namba ya Oman nisiyoijua. Nikapokea. Mwanamke akasema, "Mimi Sabah, mamake Lujain. Wewe ndiye Bashayer uliyeandika kwamba mume wangu akapumzike na wazee wenzake?" Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Nikasema ndiyo, ni mimi. Sikutafuta maneno mengine, maana hayakuwepo.

Halafu akaniuliza afya yangu, na ya watoto, na ya mume, na jino, kumbe mmemwambia mpaka jino. Akasema, "Ukifika, nitakuja kwenu kukutembelea. Mama yako asisumbuke na magoti yake, wewe ndiye utakayenimiminia kahawa. Na nakwambia mapema ujue, finjani yangu nitaiweka chini. Nna haja nawe."

Haja yenyewe hakuitaja na mimi sikuuliza.

Nimemwambia ainywe.

Dadako,
Bashayer