Macho Makavu ya Edina Msibani

Tunu, uko wapi? Yametukuta makubwa huku msibani Kingerikiti!

Restituta kasimama mbele ya jeneza la kaka yake, akamnyooshea Edina kidole: "Mjane gani hata chozi hana? Kamla mumewe!"

Hata chozi hana! Mbele ya padri!

Na Restituta anajua kabisa. Ndiye aliyemsindikiza hospitali, akamsikia daktari akisema kinga ya mwili wa Edina inashambulia tezi za machozi, na zile za mafuta kwenye kope zimeziba. Kila asubuhi Edina anazikanda kope kwa kitambaa cha maji ya moto.

Edina katoa kichupa chake cha dawa ya macho, katia tone kila jicho, taratibu, kisha kakiweka mkononi mwa wifi yake.

"Yangu yamekaushwa na ugonjwa. Yako, wifi, yamekaushwa na nini?"

Wote tukamgeukia Restituta. Tunu, kalipata! Wanja wake haujachuruzika hata kidogo.