Umekosea, Jaribu Tena

Mdogo wangu Renatus,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa hujaituma. Huku Getanuwas tu wazima, mahindi yamebeba, na mimi bado nauza vocha na maneno.

Ila ile programu uliyoiandika huko chuoni, ya kuandikisha chanjo ya mifugo, imenitia kinyaa. Bwana mifugo alinipa kibarua cha kubonyeza majibu ya watu pale joshoni. Baba akafika na ng'ombe wake. Kompyuta ikauliza, "Una ng'ombe wangapi?" Baba akasema, "Wapo." Wewe si mgeni, unajua mzee hahesabu ng'ombe mbele za watu, ni kuwaitia balaa. Nikaandika "wapo". Ikajibu, "Umekosea. Jaribu tena." Nikaandika "wapo wengi". Umekosea tena! Nikabonyeza sifuri, ikasema, "Huna ng'ombe. Kwaheri." Na ng'ombe wanalia nyuma yangu! Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Baba hakucheka. "Nani huyo ananiambia nimekosea, na hata shikamoo hana?" Akaswaga ng'ombe wake nyumbani bila chanjo.

Sasa ugonjwa umeingia. Yule ng'ombe mweusi wa mama alikufa jana, na wengine wanakohoa.

Tengeneza hiyo programu, Renatus. Mzee akisema "wapo", imwamkie, impitishe. Kila jioni baba ananiuliza kijana aliyeiandika amelelewa boma gani. Na mimi, kwa mdomo wote huu, sijathubutu kumwambia ni hili letu.

Kaka yako,
Hilary