Almasi ya Rangi ya Asali

Mjukuu wangu Idrisa,

Marahaba. Huku Tanga hatujambo, na bibi yako amepona kikohozi. Unauliza umchagulie mchumba wako Zuhura almasi ya rangi gani, ya waridi au ya njano.

Kwetu Tabora pete ya uchumba ilichaguliwa na shangazi. Wangu alileta yenye almasi nyeupe. Bibi yako akaitazama, akamrudishia mbele ya wageni.

"Shangazi, naipenda ile ya njano kwa sonara, kama asali ya kule kijijini Ipole."

"Ile? Watasema tumekuvika kipande cha chupa!"

"Waseme. Kidole ni changu."

Nilidhani uchumba umevunjika. Nikaichukua pete, nikaenda mwenyewe kuibadilisha.

Tangu siku ile sijamnunulia hata kanga bila kumuuliza. Nawe muulize Zuhura.

Babu yako, mtu wa Chemchem, Tabora, hata huku pwani