Zabibu Iliyonikosanisha na Mama Mkwe

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 14 Juni

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wako umepoa. Shemeji je, na watoto? Sisi huku miili haijambo, ila moyo wangu umechafuka, na nisipokueleza wewe nitapasuka.

Kama ujuavyo, mke wangu amerudi kiwandani, nami natengeneza saa hapa nyumbani huku nikimlea Kifungo wetu. Ametimiza miezi saba. Yale uliyonifundisha nayafuata: ndizi mbivu naiponda kwa uma, embe natoa nyuzi, tofaa nalichemsha kwanza. Tunda jipya moja tu, kisha nasubiri siku mbili tatu nione kama limemkubali.

Tangu mwezi uliopita mama mkwe yuko nasi. Kila nikiponda, anaguna. "Baba, mtoto si mgonjwa. Nimelea sita, hakuna niliyempondea tunda." Nikisema matunda makavu yalowekwe na kuchemshwa mpaka yalainike, anacheka. Ni mkwe; naendelea kuponda.

Jumanne niliinama kutafuta skrubu iliyoanguka. Kuinuka, Kifungo kimya, mdomo wazi, midomo inabadilika rangi. Halii, hakohoi. Mama mkwe kashika bakuli la zabibu kavu, kaduwaa. Nikamlaza mtoto kifudifudi mkononi, kichwa chini, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la nne zabibu ikatoka, nzima kama ilivyoingia. Ndipo akalia, nami nikakaa sakafuni nimempakata.

Unadhani nilishukuriwa? Jioni mke wangu hata viatu hajavua, akaambiwa mumewe kampiga mtoto. Akamvua Kifungo shati, akaona alama mgongoni. Nilieleza. Mama yake akasema, "Alipaliwa kidogo tu, angetema mwenyewe."

Siku mbili mke wangu aliniangalia kama mpangaji asiyelipa. Alipompeleka mtoto kliniki, muuguzi akamwambia bila mapigo yale angekuwa anazika. Amerudi akaniomba radhi, huku analia. Mama yake bado.

Na jana, dada, nimemsikia mlangoni akimfundisha jirani: "Zabibu kavu mtoto hapewi nzima. Loweka, chemsha, ponda. Hata zile zisizokaushwa, kata vipande vinne kwa urefu. Mimi nawaambia siku zote, hawasikii." Nami nikaendelea na saa ya watu.

Nisalimie shemeji, mapacha, na mjomba seremala. Mwambie kiti cha mtoto alichotuma kimefika salama. Mola awazidishie afya na awaepushe na maneno ya watu.

Namba yako mama mkwe anayo. Akikupigia kukusimulia nilivyompiga mtoto, msikilize mpaka mwisho, halafu mwulize kwa upole zabibu ilitokaje.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda,
Baba Kifungo