Hitima ya Mwanamke wa Msata

Maskati, 6 Mei 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, wasiwasi ni kwako tu. Shangazi Kuruthumu kaniambia daktari anataka titi lenye uvimbe litolewe, nawe umerudi Kiwangwa kuvuna mananasi kama uliyeambiwa una mafua. Nimekuunga kwenye kundi la simu la wanawake wenye maradhi hayo, wanasimuliana yaliyowapata. Soma tu, si lazima useme neno.

Mwanao,
Adila

Kiwangwa, 19 Mei

Mwanangu Adila,

Marahaba. Huku wazima wote. Kuruthumu nilimkanya asiseme, lakini mdomo wake haufungiki. Hapa kijijini ukitajwa ugonjwa huo, watu wanaanza kukuaga kwa macho.

Hilo kundi nilitaka kulifuta. Kisha nikamkuta Mama Hija, muuza chai wa stendi ya Msata. Anaandika kama anayegombana na mtu. Leo dawa imemtapisha, kesho nywele zimebaki kwenye mto, keshokutwa kamfukuza mumewe chumbani, ati mume anamwonea huruma mno. Namsoma shambani, namsoma jikoni mpaka wali unaungua. Yote ninayoona haya kukuambia, yeye kashayaandika. Hospitali siendi, usinisukume.

Mama yako

Kiwangwa, 5 Juni

Adila mwanangu,

Hujambo? Mimi sili, silali. Mama Hija aliandika kwamba anakwenda kukatwa, na tangu hapo kimya. Nafungua simu, naifunga, naifungua tena. Amekufa yule, wanatuficha tusitishike.

Jana nimemsomea hitima. Maalimu Husseni kaja na wanafunzi wake, majirani wamekula pilau. Walipouliza marehemu ni nani, nikasema dada yangu wa Msata. Nimemlia kuliko nilivyomlia baba yako, Mungu anisamehe. Sasa umeelewa kwa nini kisu sikitaki.

Mama yako

Maskati, 7 Juni

Mama,

Shikamoo. Mbona simu hupokei? Nimemuuliza msimamizi wa kundi. Mama Hija yu hai. Alikatwa, mkono ukavimba, hawezi kuandika. Habari ya hitima nimemwambia, usinikasirikie. Ameomba kujua unapoishi, nami nimemwelekeza. Nijibu hata neno moja, roho yangu haitulii.

Mwanao,
Adila

Dar es Salaam, hospitalini, 8 Julai

Mwanangu Adila,

Marahaba, na unisamehe kwa kimya. Mama Hija alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye bodaboda akauliza, "Hapa ndipo kwenye msiba wangu?" Nilitamani kujificha jikoni. Akadai pilau yake, nikampikia.

Chumbani alifungua gauni, akaushika mkono wangu na kuuweka penye kovu. Ngozi ina joto, Adila, kama ya mtu yeyote. Majirani walipojaa uani kumtazama marehemu akila, nikawaambia kwamba hata mimi ninaumwa, na ugonjwa ni huohuo. Hakuna aliyeondoka. Mwanvita wa nyumba ya pili akauliza nani atanivunia mananasi.

Nimekatwa Alhamisi. Panauma, na majibu mengine bado, kwa hiyo naogopa bado. Kwenye kitanda cha jirani yuko binti wa umri wako, zamu yake kesho. Asubuhi nimemkuta keshafunga mzigo wake atoroke. Nimemwomba angoje kidogo. Nimeandika yangu yote kundini, tangu siku niliyouona uvimbe mpaka sindano ya leo, na kilio nimekiandika. Sasa nampa simu asome. Usipige mpaka amalize.

Mama yako