Risasi Nilizorudisha

Mjukuu wangu Wakesho,

Hapa Mbololo sote tu wazima. Nyanya yako anakuulizia kila siku, na ng'ombe wetu amezaa.

Umeniuliza kama askari wa akiba, anayelima asubuhi na kulinda kijiji jioni bila mshahara, ni askari kamili. Sikia basi. Nilipokuwa kijana katika kazi hiyo, ndovu walitoka mbugani, wakaziba njia ya shule, na watoto wamekwama ng'ambo ya pili. Watu wakapiga kelele, "Piga risasi!" Bunduki ninayo begani, lakini mimi mkulima najua ndovu aliyejeruhiwa hachagui wa kumkanyaga. Nikawasha mavi makavu ya ndovu yaliyochanganywa na pilipili, kama tunavyofanya shambani kuwafukuza. Upepo ukawapelekea moshi, wakageuka mbio! Kijiji kizima kikanibeba juu juu.

Ijumaa iliyopita nilistaafu, nywele zote nyeupe. Pale kituo cha polisi cha Voi nilirudisha bunduki na kila risasi niliyokabidhiwa. Askari vijana wakacheka kwamba sikuwahi kufyatua hata moja. Mkubwa wao akazihesabu polepole, akasimama wima, akanipigia saluti.

Nami nikaijibu, udongo wa shamba ungali viatuni.

Babu yako